Kushiriki na Kushirikishwa: Uongozi wa Dhati na Uongozi Shirikishi katika Elimu ya Tanzania, 1966–1978

Tasnifu za uongozi wa elimu za miaka ya karibuni zimezoea kuandamanisha sifa mbili kana kwamba ni pacha: udhati wa kiongozi na ushirikishaji wa anaowaongoza. Kiongozi wa dhati huelezwa kuwa ni yule ambaye maneno na matendo yake hayapishani, naye huishi kile anachokihubiri. Kiongozi shirikishi huelezwa kuwa ni yule anayewapa walimu, wanafunzi, wazazi na wafanyakazi nafasi ya kuamua mambo yanayowahusu. Kisha, mara nyingi bila hoja ya kuunganisha, hudokezwa kwamba sifa ya kwanza huizaa ya pili. Makala haya yanaikabili dhana hiyo kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba kipindi ambacho uongozi wa elimu nchini Tanzania ulikuwa wa dhati kuliko vipindi vingi vingine ndicho hichohicho ambamo udhati ulitumika, zaidi ya mara moja, kuufunga mjadala.

Dhana ya uongozi wa dhati, kwa sura inayotumika sasa, ilienea kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hususan baada ya kitabu cha Bill George cha mwaka 2003, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kampuni ya vifaa vya tiba. Asili yake ni usimamizi wa biashara, na swali lake kuu limo ndani ya nafsi: je, kiongozi anajijua, na ni mkweli kwa anachokiamini? Nani aliitwa kikaoni, na kama aliyeitwa alikuwa na uwezo wa kukataa, si swali lake. Kiswahili kinatusaidia kuliona pengo hilo kwa sababu kinalibeba katika kauli za kitenzi. Anayeshiriki ndiye mtenda. Anayeshirikishwa ametendewa: kuna mwingine nyuma ya kitenzi, asiyetajwa, ambaye ameamua kwamba huyu ashiriki, lini ashiriki, na katika jambo gani. Nyaraka za elimu za Tanzania zimejaa kauli ya pili. Si kosa la lugha. Ni kumbukumbu sahihi ya namna mambo yalivyokwenda.

Ikulu, Oktoba 1966

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini. Wengi walivaa majoho yao. Walipinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa ni kufanya kazi ya taaluma yao huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba hata ukoloni ulikuwa afadhali, na ndilo linalokumbukwa zaidi. Kwa mtazamo wa makala haya, hata hivyo, jambo zito zaidi limo katika tamko waliloliwasilisha. Walieleza kwamba endapo masharti na mwelekeo wa serikali havitabadilika, basi miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje. Kwa lugha yetu ya kauli za kitenzi, walikuwa wakisema: tutashirikishwa, hatutashiriki.

Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alilikubali neno lao kama lilivyo: hakuna ambaye angelazimishwa ilhali roho yake haimo. Akaligeukia suala la mishahara ya tabaka lote la wasomi na viongozi, akiwemo yeye mwenyewe, akaona kwamba ni mikubwa mno kwa nchi ya wakulima maskini. Palepale alitangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wanafunzi wakaamriwa kurudi makwao. Walioondolewa vyuoni walikaribia 400, idadi kubwa sana kwa chuo kilichokuwa na umri wa miaka 5. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Kama tungetafuta mfano mmoja wa uongozi wa dhati katika historia ya elimu ya Afrika Mashariki, huu ungetosha. Kiongozi hakuwataka wengine wajinyime huku yeye akiendelea kushiba; alianza na mfuko wake. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha na miiko ya uongozi iliyomo ndani yake vililifanya tendo hilo la mtu mmoja kuwa kanuni ya Chama. Lakini tazama lilichokifanya tendo hilo kwa mjadala uliokuwapo. Baada ya mshahara wa Rais kukatwa, masharti ya JKT hayakuweza kujadiliwa tena siku ile. Ni kweli kwamba mhitimu alitakiwa kuacha asilimia 60 na Rais aliacha 20, lakini hesabu hiyo, ingawa ni sahihi, ilikuwa haisemeki. Udhati wa kiongozi ulimpa mamlaka ya kimaadili yaliyozidi yale ya kikatiba, na mbele ya mamlaka hayo mwenye swali alionekana mchoyo kabla hajalimaliza swali lake.

Upo utetezi wa tukio hili, na si dhaifu. Wanafunzi wa Mlimani walikuwa wachache kabisa katika taifa la mamilioni, wakisomeshwa kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kuwapa wasomi kura ya turufu juu ya wajibu wao kwa taifa kungekuwa ni kumtenga mkulima aliyewalipia. Kwa hoja hii, Mwalimu ndiye aliyekuwa shirikishi, kwa maana aliwaingiza katika hesabu watu ambao wanafunzi waliwasahau. Ninaikubali nusu ya hoja hiyo. Nusu isiyokubalika ni hii: mkulima naye hakuwapo Ikulu. Alisemewa, kwa nia njema, na mtu aliyemjua vizuri. Kusemewa na mtu wa dhati bado ni kusemewa.

Shamba la shule

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, husomwa zaidi kama waraka wa mitaala na kilimo. Inafaa isomwe pia kama waraka wa uongozi wa shule. Uchambuzi wake wa elimu ya kikoloni unajulikana: elimu ya wachache, inayomtenga mwanafunzi na jamii yake, inayoamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na inayowaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji. Mwalimu alikumbusha kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya wahitimu wa shule za msingi waliopata nafasi ya sekondari, ilhali mfumo mzima ulipangwa kwa ajili yao. Kisichotajwa mara kwa mara ni namna waraka ulivyotaka shule iendeshwe. Shule iwe jumuiya. Walimu, wafanyakazi na wanafunzi wawe kama watu wa ukoo mmoja. Na wanafunzi washiriki katika kuamua: walime nini, kazi igawanywe vipi, mapato yatumike kwa lipi. Makosa yao yawe sehemu ya kujifunza. Hapo kitenzi ni kushiriki kwa maana yake kamili, kwa kuwa aliyepewa haki ya kukosea amepewa haki ya kuamua.

Kilichofika shuleni kilikuwa jembe. Shamba la shule lilienea haraka kwa sababu linahesabika: ekari, magunia, shilingi. Mkaguzi angeweza kuliona. Kikao cha wanafunzi cha kupanga msimu hakiachi gunia nyuma yake, na hakikuwa na safu katika fomu ya taarifa. Katika shule nyingi kazi ya shamba ikawa zamu ya kutimiza, mahali pengine ikawa adhabu kwa aliyechelewa, na malalamiko kwamba mwanafunzi hajui mazao yalikwenda wapi yakawa ya kawaida. Wazazi nao waliliona hilo. Mzazi aliyekuwa na shamba lake nyumbani alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini ampeleke mtoto shuleni akalime la mwingine.

Si sahihi kumtupia lawama yote mwalimu mkuu. Yeye mwenyewe alikuwa mshirikishwa. Waraka ulimfikia kutoka juu, ukimwamuru ajenge demokrasia, huku ngazi zilizo juu yake zikiendelea kumpa amri kama zamani. Tangu 1972, mpango wa Madaraka Mikoani ulipovunja halmashauri za wilaya na kuleta watendaji kutoka serikali kuu, amri hizo hata hazikupitia tena kwa wawakilishi waliochaguliwa mahali pale. Jina la mpango lilizungumzia kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Yaliyopelekwa mikoani ni maofisa.

Tusifanye, hata hivyo, kana kwamba kila kilichoanzishwa juu kilibaki juu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, katika elimu ya watu wazima, iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 kupitia vikundi vilivyosikiliza redio pamoja, vikasomewa kijitabu, vikajadiliana. Mada ilipangwa Dar es Salaam. Mkulima hakuulizwa kama angependa kuzungumzia malaria au bei ya pamba. Lakini tendo lililofuata, la kuchimba choo, kufyeka majani au kusafisha kisima, liliamuliwa katika kikundi, na watu ambao wangelifanya wenyewe. Hapa kushirikishwa kulizaa kushiriki, angalau kwa sehemu. Tofauti yake na shamba la shule ni ndogo na ni kubwa: katika kikundi cha redio aliyeamua na aliyechimba walikuwa mtu mmoja, na choo kilikuwa chake.

Mlimani, 1971

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea Julai 1970. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo, na Makamu wake akawa Pius Msekwa, aliyetoka katika nafasi ya Katibu Mtendaji wa TANU. Uteuzi huo ulieleza bayana uhusiano uliokusudiwa kati ya Chama na Chuo. Novemba mwaka huohuo umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, ulipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa tayari unatosha kwa kazi hiyo. Yafaa ikumbukwe kwamba wanachama wa USARF hawakuwa wapinzani wa ujamaa. Kosa lao lilikuwa kuutaka uende mbali zaidi. (Wala wao hawakuwa bila upungufu katika suala la ushirikishi: jarida lilikuwa na jina la Kiswahili na makala yaliyoandikwa zaidi kwa Kiingereza, katika nchi ambayo wafanyakazi na wakulima lililowatetea hawakuweza kulisoma.)

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Ibara ya 15 ilitaka usawa ujengwe kwa makusudi kati ya viongozi na wanaoongozwa, ikamkataza kiongozi majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Ibara ya 28 ilikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo maandishi ya ujasiri kuliko yote ya kipindi hiki kuhusu uongozi: kazi ya Chama si kuwahimiza watu watekeleze mipango iliyoamuliwa na wataalamu na viongozi wachache, bali ni kuhakikisha kwamba viongozi na wataalamu wanatekeleza mipango iliyokubaliwa na watu wenyewe. Ibara hiyo inageuza kitenzi. Wananchi wanashiriki; kiongozi ndiye anayeshirikishwa.

Waliousoma Mwongozo kwa makini zaidi hawakuwa viongozi. Viwandani, wafanyakazi walianza kugoma wakiwa wameishika ibara ya 15 mkononi, na wimbi hilo lilifika kileleni mwaka 1973 walipokitwaa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel. Mlimani, rais wa serikali ya wanafunzi, DUSO, Mkenya aitwaye Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi Julai 1971, akiushutumu utawala kwa kuamua mambo bila kuwahusisha wanaohusika. Kipimo alichokitumia kilikuwa cha Chama chenyewe. Jibu lilikuwa kumfukuza. Askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia walimwondoa katika eneo la Chuo, akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakagomea madarasa, na baadhi ya wahadhiri wakawaunga mkono. Baadaye Akivaga aliruhusiwa kurudi, na nafasi za wanafunzi katika vyombo vya Chuo zikaongezwa.

Mgogoro huu hueleweka kirahisi mno ukisomwa kama mapambano ya utawala wa kimabavu na vijana wapenda demokrasia. Ugumu wake ni kwamba pande zote mbili zilikuwa za dhati. Utawala uliamini kwa moyo mweupe kwamba Chuo kilicho mali ya wakulima na wafanyakazi kinapaswa kuongozwa na Chama cha wakulima na wafanyakazi. DUSO iliamini kwa moyo huohuo kwamba Chama kimeagiza wanaoongozwa waheshimiwe. Udhati haukuweza kuwaamulia. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kawaida zaidi, kisicho na mvuto wa kifalsafa: utaratibu. Hapakuwa na chombo ambacho barua ile ingeweza kupelekwa, kikamsikiliza mwandishi na mwandikiwa kwa usawa, kisha kikatoa uamuzi unaoufunga hata utawala. Ndiyo maana barua ilikuwa ya wazi. Nafasi zilizoongezwa baadaye zilikuwa ni kukiri, kwa njia ya kiutawala, kwamba mwandishi alikuwa na hoja. Lakini idadi ya wajumbe wanafunzi haikuwahi kutosha kuubadilisha uamuzi ambao Chama kilikwisha kuufanya.

Musoma

Azimio la Musoma la Novemba 1974 linahitaji makala yake, na hapa nitagusa mambo 2 tu. La kwanza ni Elimu ya Msingi kwa Wote. Halmashauri Kuu ya TANU ililivuta lengo kutoka 1989 hadi Novemba 1977. Walioandikishwa shule za msingi walikuwa chini ya milioni 1.3 mwaka 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni 3. Kwa maana ya kuwaingiza shuleni waliokuwa nje, hakuna tendo shirikishi zaidi katika historia ya elimu ya nchi hii, na lilifanywa kwa amri. Walimu, waliotakiwa kuyabeba madarasa hayo, waliupokea uamuzi kama walivyoupokea wanakijiji. Mkanganyiko huu haupaswi kusawazishwa: uamuzi usio shirikishi ulizaa elimu shirikishi, na gharama yake katika ubora ililipwa na watoto walewale walioingizwa.

La pili ni udahili wa Chuo Kikuu. Azimio liliagiza kwamba mwombaji afanye kazi kwanza, kisha apendekezwe na mahali pake pa kazi na Chama. Nia ilikuwa kuufungua mlango kwa wafanyakazi na kuivunja njia iliyonyooka kutoka kidato cha 6 hadi shahada. Matokeo ambayo hayakukusudiwa yalionekana mara moja katika orodha za majina: wanawake walipungua. Msichana aliyesubiri miaka kadhaa baada ya kidato cha 6 alikutana na ndoa, uzazi na mapendekezo yaliyotegemea wanaume waliokuwa wakuu wake wa kazi. Kufikia mwaka wa masomo 1976/77 sharti hilo liliondolewa kwa wanawake. Ninaliona badiliko hili kuwa la maana kuliko linavyotajwa katika maandishi ya kipindi hicho. Uongozi haukuyumba katika imani yake. Ulikubali kwamba takwimu zinasema jambo ambalo imani haikuliona. Hata hivyo, wanawake wenyewe walikuwa ni tarakimu katika uamuzi huo. Walirudishwa chuoni kama walivyotolewa, kwa kauli ya kutendwa.

Machi 1978

Mwanzoni mwa 1978 maslahi ya mawaziri, wabunge na viongozi wengine yaliongezwa. Tarehe 5 Machi wanafunzi wa Mlimani na vyuo jirani waliandamana kupinga. Mtafiti anayeyaweka maandamano haya kando ya yale ya 1966 hana budi kushangaa. Mwaka 1966 Rais aliwaambia wanafunzi kwamba mishahara ya wasomi na viongozi ni mikubwa mno kwa nchi maskini. Miaka 12 baadaye wanafunzi, wa kizazi kilichosomeshwa kwa Elimu ya Kujitegemea na kulelewa na Mwongozo, waliwaambia viongozi maneno yaleyale. Safari hii waandamanaji hawakudai cha kwao. Kama udhati ndio uliokuwa kipimo, wao ndio walioufuata.

Polisi waliyazuia maandamano. Mamia ya wanafunzi walifukuzwa, na DUSO ikavunjwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya CCM. Kuanzia hapo mwanafunzi aliyetaka kuuhoji uamuzi wa Chama alipaswa kulipitisha swali lake katika chombo cha Chama. Wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa baadaye, kama wenzao wa 1966. DUSO haikurejeshwa.